Gauni la Mahakamani

Fundi alikuwa na mdomo wenye kazi mbili, kushika pini na kusema ukweli, na heri ya majirani zake ni kwamba hakuweza kuzifanya zote mbili kwa pamoja. Pini zikiwa mdomoni, ungeweza kumwambia lolote na yeye akaguna tu, macho kwenye kitambaa. Siku akizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kile kifuko cha pamba alichojifunga mkononi, ujue umelikoroga na sasa utalinywa.

Alishona sare za shule. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya miguu kwa siku ambazo umeme umekwenda safari zake, meza ndefu ya kukatia, na kioo chenye ufa ambacho kila mteja alidai kinamnenepesha. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamesimama mbele ya kioo hicho, mikono wameinyoosha, wakilalamika. Fundi, unanichoma. Fundi, unanitekenya. Fundi, kola inanikaba. Yeye aliwajibu "mhh" tu, maana mdomo ulikuwa umejaa. Kelele zile zilikuwa riziki yake na alizizoea.

Mwenyewe hakujaaliwa kuzaa, lakini kulea alilea. Wifi yake alipofariki, aliacha mtoto wa kike ambaye hata meno hayajamtoka, na mume ambaye hakujua kuchemsha maji. Fundi akambeba mtoto. Mtoto akalazwa kwenye boksi la vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, akabembelezwa na mlio wa cherehani, akakua akiamini kwamba gurudumu la cherehani likizunguka hakuna jambo la kuchekesha kuliko hilo duniani. Alicheka kwa tumbo zima, mpaka kwikwi. Alipokaribia umri wa shule, Fundi alikuwa ameshamkatia sare.

Sare hiyo hakuivaa. Siku moja baba yake, mdogo wake Fundi, alipita kusalimia, akamkuta binti anacheka na gurudumu, akatoa simu. Video ile ikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Watu wasiomjua wakampa mtoto jina: Kicheko. Na baba mtu, ambaye hakuwahi kusimamia hata banda la kuku, akajipa lake: Meneja. Hazikupita siku nyingi akaja kumchukua mwanawe.

"Asante kwa kunilelea, dada," alisema, kama mtu anayefuata mwavuli aliousahau kwa jirani.

Mwanzoni Fundi naye alizifurahia zile video. Tusimpake asali: aliwaonyesha wateja huku amevimba kichwa, "Huyu ni wangu." Lakini mtu aliyezoea kupima haachi kupima. Aliona kicheko kimeanza kutoka kooni badala ya tumboni. Aliona kinakuja kabla ya jambo lenyewe la kuchekesha. Mtoto alikuwa na tabia mpya, ya kutupa jicho pembeni kuitafuta simu iko wapi, halafu ndipo anacheka. Na mwisho wa kila video, kabla picha haijakatika, sauti ya baba ilisikika: "Tosha!" Uso wa mtoto ukazimika hapo hapo.

Watu huchoka na kicheko, nacho ni kitu cha bure. Meneja akagundua kwamba wanapenda zaidi mtoto alie kwanza, halafu acheke. Akamfichia mdoli wake. Akamwamsha usingizini kwa kugonga sufuria. Kisha ikaja ile video ya mlango. Alimwambia binti yake, "Mama yako amerudi. Yuko mlangoni." Mtoto alikimbia hadi kiatu kimoja kikamvuka, akafungua, akakuta ukuta wa jirani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaita. Baba yake alikuwa anacheka nyuma ya simu, na maelfu ya watu wakacheka pamoja naye. Baada ya hapo kampuni ya juisi ikaja kumtaka Kicheko kwa matangazo yake.

Fundi aliitazama video hiyo mara moja tu. Kisha akazitoa pini mdomoni, moja moja.

Alianzia nyumbani, kama inavyotakiwa. Alimfuata mdogo wake, akamsihi. Meneja akamjibu, "Dada, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Maneno yale yalimkata maini, na aliyeyasema alijua yatakata. Akaenda kwa mama yao mzazi, naye akasema alivyosema siku zote, kwamba mambo ya ndani hayaanikwi nje.

"Mama, yameshaanikwa," Fundi alisema. "Dunia nzima imeyatazama. Tuliobaki hatujayatazama ni sisi."

Mama hakumwunga mkono. Ndipo Fundi akapanda ngazi za ofisi moja juu ya duka la vipuri vya magari, ofisi ya chama cha kutetea watoto, akampata wakili. Alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanawe, visigino vya viatu vimelika kwa kuwafuata wabunge kila kona. Chama chake kilitaka sheria itaje video na matangazo kwa jina, waziwazi, na wabunge walikuwa wakimwahidi wiki ijayo tangu mwaka juzi.

"Mtoto akibeba matofali, kila mtu anaona kwamba ni kazi," wakili alimweleza. "Akibeba biashara ya kampuni nzima huku anacheka, wanasema anacheza. Hakimu atataka kujua hilo tu, shangazi. Ni mchezo au ni kazi? Kama ni mchezo, baba ana haki ya kucheza na mwanawe. Kama ni kazi, sheria tuliyo nayo inamkataza."

"Si umeona mwenyewe hizo video?"

"Nimeona. Na zote zinaisha anacheka." Wakili akasugua macho. "Hakimu atazungumza na mtoto mwenyewe. Tafadhali, usimfundishe hata neno moja. Akionekana amefundishwa, tumekwisha."

Mchana wa siku moja kabla ya kesi, Fundi alikuwa anashona gauni. Wakili alikuwa amemtonya kwamba Meneja lazima atamleta mtoto amevaa lile gauni la kampuni, la rangi ya chungwa, lenye picha ya chupa kifuani, na kwamba mahakama haitalikubali. Basi Fundi akachagua kitambaa cha buluu iliyopauka, laini, kisicho na maandishi wala maua. Alikata kwa kukisia, maana ni muda mrefu hakuruhusiwa kumpima mtoto. Alipofika kiunoni akabana kwa pini pande zote, akipunguza na kuongeza, akijaribu kuukumbuka ubavu wa mtoto kwa viganja vyake.

Meneja akaingia bila hodi.

"Dada, futa hiyo kesi."

"Mhh."

"Keshokutwa nasaini na kampuni. Mwaka mzima, mji mwingine, nyumba wanatupa wao. Unataka kumnyima mtoto maisha?"

"Mhh."

"Basi nikishinda, usijisumbue kuja kutuaga. Humwoni tena. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea."

Kwa kawaida Fundi angezirudisha pini kwenye kifuko kwa utaratibu wake. Safari hii alizitema mezani zote kwa mkupuo.

"Ulimwambia mtoto mama yake yuko mlangoni," alisema. "Mtu tuliyemzika. Ulimwambia amerudi."

"Ulikuwa mchezo!"

"Mchezo wa nani? Yeye alicheka?"

Meneja akatoka akibamiza mlango hadi ufa wa kioo ukaongezeka. Fundi akarudi kwenye cherehani, akakishona kile kiuno kwa hasira. Alipomaliza aling'oa pini huku machozi yanamzuia kuona. Akageuza gauni, akalipiga pasi, akalikunja. Maisha yake yote alikuwa akihesabu pini zinazoingia na zinazotoka. Siku hiyo hakuhesabu.

Mahakama ya watoto ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi. Kicheko alifika ameshikwa mkono na baba yake, anang'aa rangi ya chungwa kutoka mbali. Karani, mzee ambaye miwani yake ilining'inia kwa kamba, alimtazama mtoto, kisha akamtazama baba.

"Hapa si sokoni. Mvueni tangazo. Na simu zote humu kwenye kikapu."

Meneja alikuwa wa mwisho kuitoa yake. Hata baada ya kuiweka alibaki akipapasa mfuko wa shati. Gauni la kubadilisha hakuwa nalo, kwa hiyo alikubali la dada yake kwa kubinua mdomo.

Fundi akaingia na mtoto kwenye kichumba cha pembeni. Wakili akasimama mlangoni.

"Shangazi! Umenishonea wewe?" Kicheko alinusa kitambaa, akakiweka shavuni. Kisha akauliza, kama anayeuliza kama nje kuna mvua, "Leo nacheka au nalia?"

Wakili akamkazia Fundi macho. Neno moja tu la kufundisha na kesi imekwenda na maji. Fundi akamvisha gauni.

"Leo kuna mama mmoja atakuuliza maswali. Wewe ongea naye tu."

"Ana simu?"

"Hana, mama."

Kicheko akatabasamu, lile tabasamu la mtu mzima aliyechoka kudanganywa. "Imefichwa," alisema.

Fundi alikuwa amepiga magoti anafunga vifungo, na hapo damu ikamwishia mwilini. Katika maisha ya mtoto huyu, nguo mpya haikuwahi kuja bila simu nyuma yake. Kwa mapenzi yake yote, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amemshonea nguo ya kazi.

"Inakubana?" aliuliza, maana hakuruhusiwa kuuliza kingine.

"Hapana, shangazi. Nzuri sana." Kitu kilipita usoni mwa mtoto kikatoweka. Fundi alikiona, akadhani ni woga.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, hakuvaa joho, na alikuwa na mafua. Boksi la karatasi laini lilikaa mbele yake karibu kuliko faili. Kicheko aliwekewa kiti mbele ya meza. Ndugu na mawakili walikaa nyuma yake, ili asisome nyuso zao. Hakimu alionya kwamba atakayefungua mdomo bila ruhusa atatolewa nje, na asilaumu mtu. Kisha akamwinamia mtoto.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kicheko!" Na kicheko chenyewe kikafuata, safi, kimepangwa.

"Unapenda zile video?"

"Napenda sana! Nampenda baba, na nyinyi nyote nawapenda!" Akapunga mikono yote miwili, kama anavyofunga kila video.

Wakili wa Meneja, mwanamume mwenye suti iliyomkaa vizuri kuliko maneno yake, akatabasamu. Wakili wa chama akafumba macho.

"Kuna mtu anakuumiza?"

"Hapana. Mimi nina furaha kila siku."

Fundi aliiona kesi inateleza kama sabuni kwenye beseni. Kesho watasaini. Mtoto atapakiwa na mabegi, aende akacheke mwaka mzima mbele ya watu wa juisi, na yeye atabaki kumtazama kwenye simu za wateja. Aliteremsha macho asije akalia, na macho yakatua kwenye kiuno cha lile gauni la buluu. Upande wa kulia, kwenye mshono, palikuwa na doa jekundu. Punje ya choroko. Akatazama tena, likawa punje ya mahindi.

Alijua mara moja. Akisimama, atatolewa, na yule mwenye suti atapata wimbo wa kuimba. Akikaa, maswali yanakaribia kwisha, pengine mengine mawili tu, atamtoa pini nje na hakuna atakayejua. Hakimu alikuwa anauliza kuhusu shule. Mtoto alikuwa anajibu huku akitikisa miguu, na kila akitikisa, doa linakua.

Fundi akasimama.

"Keti, mama," alisema hakimu bila kuinua macho.

"Mheshimiwa, mtoto anatoka damu. Ana pini kiunoni." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. "Ni yangu. Mimi ndiye niliyeshona, mimi ndiye niliyeisahau."

Mwenye suti alikuwa wima kabla hajamaliza. "Mheshimiwa, naomba iandikwe! Anayejiita mlinzi wa mtoto ndiye aliyemchoma!"

Hakimu akainua kiganja, kila mtu akanyamaza. Akamtazama mtoto. Mtoto bado alikuwa anatabasamu.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipovaa. Nikikaa ndiyo inauma zaidi."

"Mbona hukusema? Mbona hulii?"

Kicheko aligeuka kidogo kumtafuta baba yake. Kisha akainama mbele na kupunguza sauti, kwa upole, kama mwenyeji anayemweleza mgeni asiyejua taratibu.

"Baba bado hajasema tosha."

Kalamu ya karani ikasimama.

"Na asiposema?"

"Tunaendelea."

"Hata ukiwa unaumwa?"

"Nikiumwa halafu nikacheka, hiyo ndiyo wanapenda."

Hakimu akavua miwani, akaiweka juu ya faili.

"Tosha, mwanangu," alisema. "Tosha kabisa."

Fundi alikuwa ameshafika. Alipiga magoti, akaupapasa mshono, akaichomoa. Na Kicheko akalia. Hakikuwa kile kilio cha kwenye video, cha machozi mawili mashavuni. Kilikuwa kilio kibaya, cha makamasi, mdomo wazi, pumzi inakwama, kilio cha pini na cha mdoli na cha sufuria na cha ule mlango. Hakimu akasukuma boksi lake lote la karatasi mbele. Na pale nyuma, mkono wa Meneja uliinuka wenyewe ukaenda kwenye mfuko wa shati.

Ulikuta mfuko mtupu. Watu wengi waliuona mkono ule, hakimu akiwemo, lakini Fundi aliuona uso wa mdogo wake alipoinamisha kichwa na kuutazama mkono wake. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Wakili wake alimnong'oneza jambo, hakusikia.

Mwenye suti alijaribu tena, kwamba kuchomwa na pini ni ajali ya shangazi, kwamba video ni mchezo wa baba na mwana.

"Mtoto akichoka na mchezo, anaacha," hakimu alimjibu. "Huyu anangoja ruhusa ya kulia. Huyo yuko kazini." Akaandika amri hapo hapo: hadi kesi itakapomalizika, mtoto asirekodiwe na mtu yeyote, kampuni isimtumie kwa tangazo lolote, akae kwa shangazi yake, na aende shule. Kisha akapenga kamasi, akamgeukia Fundi kwa ukali. "Na wewe, mama. Hesabu pini zako."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Msidhani mambo yakawa asali. Kesi iliendelea, na wabunge waliendelea kusema wiki ijayo. Mama yao alimaliza muda mrefu akimsalimia Fundi huku anatazama ukuta. Meneja huruhusiwa kuja Jumamosi; hukaa kwenye benchi la wateja, hajui mikono aiweke wapi, na mara nyingine humsaidia binti yake kuokota vifungo vilivyoanguka.

Lililomtesa Fundi zaidi ni ukimya wa mtoto. Kila alipomsimamisha mbele ya kioo kumpimia sare, Kicheko alisimama kama sanamu. Inabana? Hapana. Inauma? Hapana. Nikuache upumzike? Hapana, shangazi, naweza kuendelea. Watoto wengine wakija walipiga kelele kwa kuguswa tu na ncha ya utepe, na Fundi akawatazama kwa wivu.

Mpaka siku moja, sketi ya sare imefika kwenye pindo, Fundi amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, anabana upande wa nyuma, ndipo chumba kizima kikasikia:

"Aii! Shangazi! Unanichoma bwana!"

Fundi akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kifuko. Mteja aliyekuwa anangoja akasogea karibu na mlango, maana alimjua.

"Umesemaje?"

Mtoto akamtazama kwenye kioo, amenuna kwelikweli, uso umekunjamana. "Nimesema unanichoma!"

"Pole, mama," alisema Fundi. "Pole sana. Sema tena ukichomwa."

Hakumwambia kwamba pini yenyewe ilikuwa haijamfikia hata ngozi.